Nani Amelipima Giza Lako?

11 Januari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye ameketi hapa mbele yangu akijifanya hasomi ninachoandika. Sote ni wazima. Goti langu la kushoto linanikumbusha ngazi zote nilizopanda hospitalini kwa miaka thelathini na moja, lakini sokoni bado nakwenda kwa miguu. Baba yako amepimwa macho akapewa miwani. Akitoka barabarani anaivaa ili watu wamwone, akitaka kusoma gazeti anaivua. Nilimwuliza sababu, akasema, "Hii ya kuangalia mbali." Nikamwambia, "Kaka, daktari kaandika ya kusomea." Akajibu kwamba daktari bado kijana, atajifunza.

Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili imefika pamoja na ule mchoro. Nashukuru sana. Tulipokubaliana kwamba simu iwe ya kuulizana afya na barua iwe ya mambo yenyewe, nilidhani utachoka baada ya miezi miwili. Huu ni mwaka wa tatu.

Unasema umepata kitu ambacho Profesa wako alikipigia makofi mbele ya maabara nzima, na kwamba mwezi wa tisa utasimama kukieleza kwenye mkutano wa wataalamu. Baba yako ameshawaambia majirani wote, hata yule tuliyegombana naye kwa ajili ya ukuta. Nami nimefurahi. Lakini unanijua, siwezi kufurahia vizuri kitu nisichokielewa, kwa hiyo nimekaa na mchoro wako siku tatu. Ngoja nikueleze nilivyoelewa, nawe unisahihishe kama nilivyokuwa nikikusahihisha hesabu za sehemu.

Nyuma ya jicho kuna seli zilizojaa vipokezi vya mwanga, ambavyo mnaviita rodopsini. Gizani kipokezi kimetulia. Kikiguswa na punje moja tu ya mwanga kinabadilika umbo, kinafungua kishimo upande wa ndani, na kuanza kupiga kelele: mwanga, mwanga! Protini za jirani husikia, na habari inasafiri hadi kwenye ubongo. Shida ni kwamba kipokezi kikishaanza kelele hakiwahi kunyamaza. Kingeachwa, jicho lingekuwa linatazama mwanga uliokwisha kupita. Hapo ndipo anapoingia huyu arestini, protini unayoichunguza, ambaye mimi nimempa jina la Mnyamazishi.

Mnyamazishi hamshiki kila anayekutana naye. Anataka alama mbili. Ya kwanza ni fosfeti: kuna kimeng'enya kinachopita kubandika fosfeti kwenye mkia wa kipokezi kilichoamka, kama karani anayegonga mihuri. Ya pili ni kile kishimo, kilichofunguliwa na mwanga wenyewe. Mnyamazishi ameumbwa kama vibakuli viwili vilivyounganishwa. Akipumzika anajifunga, mkia wake ameubana kifuani, na katikati yake chaji chanya na chaji hasi zimeshikana kama kifungo na tundu lake. Fosfeti, kwa kuwa zina chaji hasi, zikifika zinakifungua kifungo hicho na mkia unaachia. Wakati huohuo ana kitu kama kidole kinachopapasa: kishimo kipo? Kidole kikizama na mkia ukiachia, vibakuli vinazunguka kidogo, naye anakikumbatia kipokezi na kukaa palepale ambapo wajumbe wa kelele wangekaa. Kimya. Akikuta alama moja tu, anagusa na kwenda zake.

Wewe sasa umebadilisha kitu kimoja kwenye kile kifungo cha katikati. Na huyu Mnyamazishi wako mpya anakumbatia hata vipokezi ulivyotia kwenye mirija ya kioo iliyokaa gizani, visivyo na fosfeti wala mwanga. Yaani hataki alama yoyote. Hicho ndicho kilichopigiwa makofi, nimesema sawa?

Nina swali moja, la mtu aliyemaliza ujana wake kwenye chumba cha giza cha eksirei. Unasema mirija ilikaa gizani. Giza hilo, nani amelipima?

Shangazi yako

*

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naamini goti linaendelea vizuri. Mwambie baba miwani inampendeza, ndiyo maneno anayosubiri. Mimi sijambo, isipokuwa viatu vyangu vimekubali kushindwa na barabara za huku, na mwenzangu wa chumbani ameanza kujifunza filimbi.

Nilimsomea Mama Lebo maelezo yako. Mama Lebo ni fundi wetu wa maabara. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna kitu asichokibandika lebo, hata stuli anayokalia imeandikwa "STULI". Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyo shangazi yako angekuwa anafundisha hapa tusingelala darasani." Vibakuli, kifungo na kidole, vyote umepatia. Hujanipa nafasi ya kukusahihisha, na nilikuwa nimejiandaa.

Sijawahi kukuambia vipokezi navitoa wapi. Kila Jumanne naenda machinjioni na jaba la barafu kuomba macho ya ng'ombe. Wachinjaji wamenizoea, wananiita "Mwenye Macho". Nikirudi naingia chumba cha giza cha ghorofa ya chini, navua utando wa nyuma ya kila jicho chini ya taa nyekundu, maana nyekundu rodopsini haiioni. Kazi yote ya mirija ya giza hufanyika hapo, saa nne nzima, mpaka kiuno kinaomba msamaha.

Kuhusu swali lako, Shangazi, tulilifikiria zamani. Kila mara naweka shahidi: mrija mwingine wa giza wenye arestini ya kawaida, isiyobadilishwa. Giza lingekuwa bovu, hata ya kawaida ingeshika. Haijashika hata mara moja. Profesa ameangalia, na mwenzake wa ghorofa ya tatu ameangalia. Giza letu ni zima kabisa, usiwe na wasiwasi.

Mwisho wa Julai makala inakwenda kwenye jarida. Jina langu litakuwa la kwanza.

Binti yako

*

20 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Baba yako amefurahia sifa za miwani, sasa anaivaa hata akioga. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, nguo zote zinanuka unyevunyevu, na paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la kuni. Sijamfukuza.

Namshukuru Mama Lebo kwa maneno yake. Nashukuru zaidi kwamba ulinijibu swali langu kwa hoja, hukusema tu "Shangazi, haya mambo ya kisasa." Kwa kuwa umenijibu kwa hoja, nawiwa kukurudishia hoja. Nisome taratibu.

Shahidi wako ni Mnyamazishi wa kawaida. Wewe mwenyewe umenifundisha kwamba yeye anataka alama mbili, mwanga na fosfeti. Sasa tuseme taa yako nyekundu inavuja mwanga kidogo tu. Vipokezi vichache vinaamka. Lakini kwenye mirija ile hakuna aliyebandika fosfeti, kwa sababu hukuweka kile kimeng'enya. Shahidi wako anakuta alama moja. Atafanya nini? Atagusa na kwenda zake. Utamwuliza, "Umeona mwanga?" naye atakaa kimya, na wewe utaandika: giza ni zima.

Halafu mchukue huyu wako mpya, ambaye kifungo chake umeshakilegeza kwa mkono wako. Huenda yeye haulizi fosfeti tena, ila mwanga bado anautaka. Kwenye giza linalovuja atakishika kila kipokezi kilichoamka. Wewe utaona ameshika gizani. Kumbe hakukuwa na giza.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema shahidi uliyemwita hawezi kuijua kesi hiyo, hata akiapa.

Sisi hospitalini tulikuwa na namna ya kuliuliza giza lenyewe, bila kupitia kwa mtu. Umeniambia maabara yenu bado ina filamu na dawa za kuisafishia. Basi zima taa zote, hata nyekundu. Toa filamu moja, iweke mezani palepale inapokaa mirija, na juu yake weka sarafu. Washa taa nyekundu na usubiri muda uleule ambao mirija yako hukaa, usipunguze hata dakika kumi kwa sababu kiuno kinauma. Zima, ondoa sarafu, safisha filamu. Taa ikiwa nzima, filamu itatoka sawa kote, hutajua sarafu ilikuwa wapi. Ikiwa inavuja, utakuta duara safi katikati ya ukungu wa kijivu.

Kichujio cha taa ile, kile kioo chekundu kinachoifunika, kinapauka polepole kwa joto la balbu. Wewe hutaona, kwa sababu jicho likishapata wekundu linaridhika. Tulitakiwa kufanya jaribio hilo kila mwezi. Kila mwezi, mwanangu.

Shangazi yako anayekupenda

*

5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, kazi zimenibana. Sijambo. Filimbi inaendelea, sasa tunatambua nyimbo mbili. Nimenunua viatu. Mama Lebo anakusalimu. Msalimie baba, na paka.

Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Binti yako

*

24 Mei

Mwanangu,

Barua yako fupi nimeipokea na nimeishukuru kwa urefu. Niliihesabu: mistari mitano, na haina hata mmoja wa kazi. Wewe ambaye ukiwa na miaka saba ulinieleza safari ya kwenda dukani kwa nusu saa.

Sikuulizi. Nakueleza ya huku tu. Paka amehama na watoto wake wote, ameniachia kapu. Baba yako amekalia miwani, imepinda mkono mmoja. Sasa anatembea kichwa upande, na anayemwuliza anaambiwa ndiyo fasheni. Goti langu limepata dawa ya kuchua ambayo harufu yake inafukuza wageni, nami sijaamua kama hiyo ni hasara.

Kuna jambo la hospitalini nilitaka kukueleza kwenye barua hii. Nimelianza mara mbili, karatasi zote mbili nimezichana. Mkono umechoka. Acha liwe siku nyingine.

Nakushukuru kwa kuwa upo, hata ukiwa na mistari mitano.

Shangazi

*

16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma ile "sikuulizi" yako mara nyingi kuliko barua yoyote uliyowahi kuniandikia. Ungeuliza, ningepata nafasi ya kukasirika.

Jaribio la sarafu nililifanya tarehe tisa Machi. Miezi mitatu iliyopita. Nililifanya ili nikuandikie kwamba umekosea. Nilikuwa nimeshaitunga hiyo barua kichwani, yenye utani mzuri kabisa ndani yake.

Niliweka filamu, nikaweka sarafu, nikawasha taa, nikakaa saa nne kwenye stuli iliyoandikwa "STULI". Nilipoitoa kwenye dawa, Mama Lebo alikuwa mlangoni.

"Hilo duara nini?"

"Sarafu."

"Siku hizi unapiga sarafu eksirei? Inaumwa wapi?"

Nilicheka naye. Halafu nikaikausha ile filamu, nikaifungia kwenye droo yangu.

Siku mbili baadaye nilijiambia filamu si rodopsini. Nikachukua mrija wa vipokezi vibichi, vyenye rangi yao ile ya waridi iliyoiva, nikauweka chini ya taa saa nne, kisha nikaupima kwenye mashine ya rangi. Karibu robo ilikuwa imepauka kuwa njano. Unajua maana yake. Robo nzima ya vipokezi vyangu vya "giza" vilikuwa vimeamka vinapiga kelele, na shahidi wangu wa kawaida amekaa pembeni kimya kwa sababu hakuna fosfeti. Ni kama ulivyosema, neno kwa neno. Nimefanya kazi miaka mitatu juu ya jicho, na jicho langu mwenyewe limenidanganya kila Jumanne.

Tangu hapo sijamwambia mtu. Kila wiki Profesa ananiletea kurasa za makala alizozipanga vizuri zaidi. Juzi amesema, "Hii itafungua milango yako yote." Ameshaandika sentensi ya kwanza: kwamba tumepata arestini isiyohitaji mwanga. Nikamwambia, "Asante, Profesa."

Zimebaki wiki sita. Najiambia labda wengine wakirudia watapata hivyohivyo kwa sababu nyingine. Najiambia nitabadilisha kichujio kimyakimya, nirudie mirija, nione kwanza. Shangazi, ningekuwa wewe ungefanya nini? Hapana, nimeandika vibaya. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?

Binti yako

*

1 Julai

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Sote wazima, baba yako anakupenda, wala sijamwonyesha barua yako.

Kwanza nikushukuru. Kunionyesha kitu ambacho hujamwonyesha mtu mwingine ni heshima kubwa, na sikuistahili, kama utakavyoona.

Umeniuliza mimi ningefanya nini. Sina haja ya kukisia. Nilikuwa hapo ulipo, na nilichofanya nakijua.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mwaka ule tulikuwa wawili kwenye chumba cha giza, mwenzangu akaenda likizo ya uzazi, nikabaki peke yangu na filamu za hospitali nzima. Jaribio la kila mwezi nikaliruka. Mwezi wa kwanza kwa uchovu, wa pili kwa mazoea. Wa tatu madaktari wakaanza kulalamika kwamba picha zina ukungu, mbavu hazionekani vizuri, watu wanapigwa picha mara mbili. Mkuu wetu wa kitengo akaitisha kikao. Mimi nikasema, na niliamini, kwamba huenda filamu zimeharibika stoo kwa joto.

Mtunza stoo alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi kidogo, asiyejua kujitetea. Akasema, "Mimi naziweka pale mliponiambia niziweke." Hakuna aliyemsikiliza. Wiki iliyofuata akapewa uhamisho, akapelekwa kituo cha mbali, na familia yake ikabaki nyuma mpaka watoto wamalize shule.

Siku alipoondoka ndipo nilipokumbuka sarafu. Nikafanya jaribio. Duara likatoka zuri, safi, kama mwezi. Kichujio kilikuwa kimepauka tangu lini, sijui.

Nikakibadilisha kimyakimya. Maneno hayo umeyatumia wewe kwenye barua yako, na nilipoyasoma ilinibidi niweke karatasi chini. Kesho yake picha zikatoka safi. Mkuu wa kitengo akapita, akaziinua dirishani, akasema, "Mnaona? Tatizo lilikuwa yule bwana." Nikamwambia, "Ndiyo, mkuu."

Mwanangu, ilikuwa rahisi sana. Hakuna aliyeuliza, na siku hiyo nilipongezwa. Nilipostaafu walinipa cheti cha uaminifu, kipo sebuleni, umekipangusa vumbi mara nyingi. Lakini tangu siku ile sikuacha jaribio hata mwezi mmoja, kwa miaka ishirini na mitatu, na kila mwezi nilipoweka ile sarafu nilimwona yule bwana amesimama na kofia yake mkononi. Nililipa kwa uangalifu kile nilichotakiwa kulipa kwa maneno mawili matatu. Deni la namna hiyo halipungui, mtu anazeeka nalo tu.

Sitakuambia ufanye nini. Nimekueleza kilichokuwa upande wa pili wa "kimyakimya", kwa sababu mimi nimekaa huko muda mrefu na wewe bado uko mlangoni.

Shangazi yako

*

27 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Msalimie baba. Viatu vipya vinabana. Mwenzangu amemaliza nyimbo mbili na ameanza ya tatu, Mungu atusaidie.

Nilimwambia Profesa tarehe kumi na moja. Barua yako ilifika tarehe kumi na tano.

Asubuhi hiyo alikuwa ananisomea ukurasa wa mwisho kwa sauti, kwa furaha, kama mtu anayesoma kadi ya harusi. Alipofika kwenye jina langu nikasema, "Profesa, taa inavuja." Akadhani ni bomba. Akatazama dari. Nikafungua droo nikampa filamu na karatasi ya vipimo.

Alivua miwani, akaishika filamu dirishani muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Sijui inavuja tangu lini. Nimejua tangu Machi."

"Machi. Na mimi nimekuwa nakuletea kurasa."

"Ndiyo, Profesa."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Hakupiga kelele, Shangazi. Ningependa angepiga. Alikusanya kurasa zote, akazigonga mezani zikakaa sawa, akazitia kwenye bahasha. Akasema makala haiendi, na kwamba atawaandikia watu wa mkutano kuliondoa jina langu. Kisha akasema, "Kosa la taa ni langu, chumba ni changu. Hiyo miezi minne ni yako." Akatoka. Nilikaa palepale mpaka Mama Lebo akaja na chai, akaniwekea mezani. Kikombe kilikuwa na lebo mpya: "KUNYWA."

Kesho yake Profesa alishuka mwenyewe chumba cha giza na bisibisi. Tulibadilisha kichujio pamoja, tukafanya jaribio la sarafu, filamu ikatoka sawa kote. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia. Akauliza kama huyo shangazi anakubali wanafunzi.

Tumeshaanza kurudia mirija. Kwenye giza la kweli, arestini yangu mpya haishiki kitu, ikiwa sawa na ya kawaida. Tukiwasha taa bila kubandika fosfeti, ya kawaida inapita zake, yangu inakumbatia. Yaani fosfeti haiulizi tena, lakini mwanga bado inautaka. Ile kazi niliyodhani ni kuvunja milango miwili, kumbe nilifungua mmoja, na wa pili ungali na mlinzi wake. Ni jambo dogo kuliko lile lililopigiwa makofi. Profesa anasema litachukua mwaka kulithibitisha. Lakini hili nikiwa nalala haliniamshi.

Sasa nikuambie kuhusu barua yako. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta, watu wananipita. Nililia kwa ajili ya yule bwana na kofia yake, na kwa ajili yako pia. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake, Shangazi, wala hukuniomba. Ila nakushukuru kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba uliniandikia, maana najua cheti kile kinaning'inia wapi na kimekugharimu nini kukitaja. La pili usinielewe vibaya: nashukuru kwamba barua ilichelewa. Ingefika kabla, ningesema kwa kuogopa kuwa wewe. Ilipochelewa, nimesema mwenyewe.

Binti yako

*

14 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Baba yako ameambiwa kwamba mwezi wa tisa hutasafiri kwenda mkutanoni. Akauliza, "Amefukuzwa?" Nikasema hapana, amesema kweli. Akasema, "Basi majirani nitawaambia hilo." Na amewaambia, mpaka yule wa ukuta. Sijui wameelewa nini, lakini mmoja ametuletea ndizi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na hasa pale unaposhukuru kwamba yangu ilichelewa. Mwanzoni ilinichoma. Nilidhani nimekupa dawa, kumbe mgonjwa alikuwa ameshapona. Kisha nikaelewa kwamba hujapata kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilikuwa nimeyasema yale ili yakusaidie wewe. Kwa kuwa hukuyahitaji, yamebaki mikononi mwangu, na ilinibidi nijiulize basi yalikuwa yanamhusu nani.

Nilikwenda hospitalini Jumatatu. Kwenye chumba changu cha zamani sasa kuna kompyuta na dirisha, hakuna giza lolote. Binti wa ofisi ya utumishi alinitafutia kwa uvumilivu. Yule bwana yuko hai. Anaishi na mwanawe wa pili, na mwanawe huyo ana anwani ya posta.

Nimemwandikia jana. Wewe unanijua, sijawahi kuandika barua isiyoanza na goti, hali ya hewa na habari za baba yako. Niliandika salamu, nikaitazama, nikaikata. Hiyo moja nimeianza na jambo lenyewe.

Shangazi yako, mwenye shukrani